Vijiti Vinne vya Waifai

Jumanne, 3 Machi

Meneja ameilisha laptopu uji. Sasa hivi tu. Nimegeuka kuchukua kitambaa, narudi namkuta ameshika kijiko kwa adabu zote, anakisogeza kwenye herufi B huku amefungua mdomo wake mwenyewe kuifundisha. Herufi B imekula. Nimefuta, nimepuliza, nimeiinamisha kama mtoto aliyepaliwa. Inawaka. Mungu mkubwa.

Meneja ni binti yangu, mwaka mmoja na miezi minane. Jina la kwenye cheti analo, zuri tu, lakini bibi yake alimpa hili kwa sababu hafanyi kazi yoyote na humu ndani wote tunapokea amri zake.

Nisimlaumu. Kosa ni langu. Kitu kipya, cha maana, kimekaa mezani uchi!

Hii laptopu ndiyo matumaini yangu. Likizo yangu ya kiwandani inakwisha mwisho wa mwezi. Kiwandani nashona kola za sare. Unaingia alfajiri, unatoka jua limezama. Maana yake nitamwacha Meneja amelala na nitamkuta amelala. Nitakuwa mama wa mtoto aliyelala. Sitaki.

Kuna kampuni inatafuta watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Kazi unafanyia nyumbani. Usaili wangu ni Jumatatu saa nne asubuhi, kwa video, dakika ishirini. Wameandika kwamba mtandao ukikatika mara tatu, usaili umeishia hapo. Hiyo sentensi nimeisoma mpaka imechakaa.

Lakini nina wasiwasi gani? Jana tulipoiwasha, waifai ilikuwa vijiti vinne, vimejaa. Laptopu ni ya bei ya chini, ndiyo, na haina ule mfumo ambao kila mtu anaujua. Ina Linux. Ukiiwasha anatokea ndege mnene aliyevaa kama anakwenda harusini. Muuzaji alisema nisiogope, ni kama bi harusi mgeni jikoni: kupika anajua, ila bado hajui vijiko viko wapi.

Mchana, Meneja alipolala, nimeishonea nguo. Kitenge cha maua mekundu nje. Bitana ndani: ule mfuko wa chakula wa Baba Meneja, ulioharibika zipu, wenye ngozi ya fedha inayong'aa. Kama inazuia joto la wali lisitoke, itashindwa kuzuia uji usiingie? Kifuniko chote chenye kioo kinaingia kwenye nguo kama mto kwenye foronya. Nimekata dirisha la kioo, nimetia marinda pembeni. Kwa ajili ya kamera nimeweka tundu la kifungo, uzi mwekundu, mishono ya kiwandani kabisa.

Mama mkwe ameitazama muda mrefu. Amesema yeye aliolewa na nguo isiyofika hapo.

Jumatano, 4 Machi

Balaa. Kijiti kimoja!

Nimempigia dada yangu kwa video kujaribu. Amenitokea mdomo wazi, jicho moja juu, akaganda hivyo hivyo. Nikadhani amepata kiharusi. Baadaye akanipigia simu ya kawaida kusema kwamba mimi ndiye nilionekana hivyo.

Nimefikiri. Juzi vijiti vinne, leo kimoja. Nani amekula vitatu? Jibu liko nyuma ya ukuta. Mama Pacha, jirani yetu, waifai tunatumia pamoja. Ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, iko sebuleni kwetu, yeye anaidaka kupitia ukutani. Pacha wake wana miaka minne na tableti moja.

Nikaenda kuazima chekeche, ili nichunguze. Nikawakuta pacha wamejilaza kama wazee wa baraza, wanatazama katuni ya trekta linaloimba. Basi! Nikamwambia Mama Pacha, kwa upole, kwamba kuna daktari mmoja anasema watoto wapumzishe macho, hasa siku za wiki.

Mama Pacha akaniuliza, "Na huyo daktari wako anasemaje kuhusu mtu anayeazima chekeche kila siku na unga hana?"

Nikacheka. Si kwa furaha.

Hata hivyo aliwatoa pacha nje wakacheze. Nikakimbia kwangu kuangalia. Kijiti kimoja. Nikafikiri labda waifai inachukua muda kurudi, kama maji ya bomba. Nikasubiri nusu saa. Kimoja.

Baba Meneja aliporudi kutoka kazini (anaoka mikate, anarudi ana unga mpaka kwenye kope) alikaa kiti kile kile akafungua simu yake. Vijiti vinne! Akasema basi tatizo si waifai, tatizo ni laptopu. Nikamwambia hajui kitu. Simu yake ina miaka mitatu humu ndani, waifai imeshaizoea. Laptopu ni mgeni. Mambo ya kuzoeana hayana haraka.

Alinitazama, akaomba chai.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimeamka na mpango. Waifai ni kama taa. Taa ukiiweka chini, nani ataona? Nimepandisha ruta juu ya kabati, juu ya sanduku, juu ya kigoda. Kijiti kimoja na nusu. Nikafikiri zaidi. Taa ina kioo nyuma cha kurudisha mwanga. Nikachukua mifuniko yote ya masufuria ya mama mkwe nikaipanga nyuma ya ruta, yote inatazama chumbani kwangu. Inapendeza, kama kwaya.

Saa tano mama mkwe akawa anazunguka jikoni, anafungua makabati, anajisemea kwamba uzee umemfika. Maharage yake yamechemka wazi mpaka yakakauka. Nilitaka kumwambia. Kisha akainua macho juu ya kabati akajionea mwenyewe. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo kazi unayoitafuta, wakikupa, tutakula?"

Nimerudisha mifuniko mitano. Miwili midogo nimeiacha pale. Haikosi msaada.

Mchana nimetembea na laptopu nyumba nzima kama mtu anayetafuta choo ugenini. Chumbani: kimoja. Sebuleni: kimoja. Mlangoni: kimoja, kinapepesa. Bafuni, ukikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukiegemea kushoto: viwili! Nimepima mara tatu. Nikatundika shuka la buluu nyuma ya ndoo ili wasaili wasione bomba. Nikakaa. Nikajitazama kwenye kamera. Kwa kweli ilionekana ofisi.

Tatizo likawa sauti. Bafuni kila neno linarudi. Nikisema "ndiyo" kuna wanawake wanne wanakubali pamoja nami. Kisha mama mkwe akaja na taulo begani, akasimama mlangoni, akasubiri. Nikatoka na ofisi yangu.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeipeleka laptopu kwa fundi wa kompyuta wa kule stendi. Asubuhi nguo ya laptopu ilikuwa na uji wa siku tatu, nikaona aibu kumpeleka mtu kwa fundi na nguo chafu. Nikaivua, nikaifua, nikaianika. Laptopu nikaibeba kwenye fulana ya Baba Meneja.

Fundi akaiwasha. Vijiti vinne. Akaniangalia. Nami nikaiangalia laptopu. Yaani! Ni kama mtoto anayekuhangaisha kwa kikohozi siku nzima, ukimfikisha kwa daktari anacheza na kalamu za watu. Nikamwapia fundi kwamba nyumbani haiko hivi.

Fundi ni mtu mpole, ana bisibisi sikioni kama fundi seremala na penseli. Akasema mashine hizi za bei ya chini zina tabia ya kubana umeme, waifai inasinzia yenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja wa amri. Akauandika kwenye karatasi. Unaanza na neno "sudo". Nikamwuliza huyo Sudo ni nani. Akasema si mtu, ni kuiambia kompyuta kwamba anayesema ni mwenye nyumba. Nimelipenda. Ningeweza kulitumia kwa watu wengi.

Kisha akauliza kama nyumbani kuna kitu chochote cha bati au chuma karibu na laptopu, kwa sababu vitu hivyo huzuia mawimbi. Nikasema hakuna, isipokuwa mifuniko miwili ya sufuria, na hiyo inasaidia. Akakohoa. Akasema niitoe. Akauliza tena: huwa unaifunika na kitu? Nikasema hapana fundi, haifunikwi. Na ni kweli. Haifunikwi, inavalishwa. Angeuliza habari ya nguo ningemwambia.

Mifuniko nimeitoa. Mtu akikupa ushauri bure umpe heshima kidogo.

Jumamosi, 7 Machi

Nguo bado mbichi, kumenyesha. Nimekaa mezani na karatasi ya fundi.

Nimeuandika mstari herufi kwa herufi, ulimi nje. Nikabonyeza. Kompyuta ikaomba nenosiri. Nikaandika. Hakuna kitu! Hakuna herufi, hakuna hata nukta. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Hakuna. Nikajua ni ule uji wa Jumanne, umefika moyoni. Nikabonyeza herufi zote moja moja, nikaigeuza nikaigonga mgongoni. Meneja naye akaigonga mgongoni, akasema pole.

Nimempigia fundi nikilia nusu. Akasema ndivyo ilivyo, nenosiri halionekani kwa makusudi, ili mtu wa nyuma yako asilisome. Nikageuka. Nyuma yangu alikuwepo Meneja tu. Lakini kweli, huwezi kujua.

Nikaandika gizani kwa imani. Nikabonyeza.

Vijiti vinne!

Nimepiga vigelegele. Mama mkwe ametoka chumbani akiuliza nani anaolewa. Nimempigia dada yangu kwa video dakika ishirini na tano, hakuganda hata kope. Nimemwona mpaka chunusi. Nimemkumbatia Meneja nikamwambia mama hatakwenda popote, mama atakuwepo ukiamka, mama atakuwepo ukila, mama atakuwepo mpaka utamchoka. Akaniambia "Shuka." Ana maana nimshushe.

Mchana jua likatoka. Nguo ikakauka. Nikaipiga pasi nikaivalisha laptopu, kama zawadi ya kupona. Ilipendeza.

Saa kumi jioni: kijiti kimoja.

Nikatafakari. Asubuhi dawa imefanya kazi. Jioni imeisha. Basi jamani, si dawa zote ndivyo zilivyo? Hakuna anayemeza kidonge kimoja akapona. Fundi amesahau kuniambia kipimo. Kutwa mara tatu, baada ya chakula.

Jumapili, 8 Machi

Dozi asubuhi: kijiti kimoja. Dozi mchana: kimoja. Dozi jioni: kimoja. Mwili wake mgumu. Lakini nimesoma kwenye pakiti ya dawa ya Meneja kwamba matokeo huonekana baada ya siku mbili hadi tatu. Zitatimia kesho asubuhi hasa hasa.

Hata hivyo sitaki kubahatisha. Trekta linaloimba lazima linyamaze kesho saa nne. Nilimrudishia Mama Pacha chekeche lake, nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa siri kubwa kwamba kesho saa nne kamili duka la kona linatoa sabuni za mche bure kwa wateja ishirini wa kwanza. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Akauliza mara mbili kama ni sabuni ya buluu au nyeupe. Nikasema mchanganyiko.

Dhambi, najua. Lakini ni dhambi ya nusu saa.

Saa tisa mama mkwe ameingia chumbani kwangu, amefunga mlango, amenong'ona kwamba kesho duka la kona linatoa sabuni bure. Na ndoo. Akaniambia nisimwambie mtu.

Mama mkwe ndiye aliyekubali kumshika Meneja wakati wa usaili.

Nikasema mama, maneno ya watu, usiyaamini. Akasema ameambiwa na mtu anayeaminika. Akaniahidi atachukua ya kwake na ya kwangu, dakika kumi tu atakuwa amerudi. Nikasema asante, mama.

Jumatatu, 9 Machi

Niandike yote kabla sijasahau.

Saa tatu na nusu: dozi. Saa tatu na dakika hamsini: dozi ya nyongeza. Kijiti kimoja. Dirishani naona foleni ya duka la kona imefika mpaka kwa kinyozi. Mama Pacha wa kwanza, pacha kila upande. Mama mkwe wa nne, na ndoo yake kabisa. Mwenye duka amesimama mlangoni, ameshika kiuno.

Meneja nimemkalisha sebuleni na vijiko vyote vya nyumba. Laptopu nimeipiga pasi tena, nimeiweka sawa, marinda yamesimama.

Saa nne. Akatokea dada mmoja mwenye miwani na sauti ya utulivu. Akanisalimu. Nikaitikia. Akaganda. Ikakatika.

Moja.

Akarudi. Akauliza kwa nini naitaka kazi hii. Nilikuwa nimejiandaa na jibu zuri lenye neno "uzoefu". Nikaanza. Ikakatika kwenye "uzo".

Mbili.

Akarudi mara ya pili, sasa hana tabasamu. "Mama, utaratibu unaujua. Ikikatika tena, mimi sina namna."

Nikasema naelewa. Uso wake ukaanza kuvunjika vipande vipande, mdomo upande huu, miwani upande ule. Nikasema kimoyomoyo, sudo, sudo, mimi ndiye mwenye nyumba.

Hapo Meneja akaingia. Vijiko vimemchosha. Akaona maua mekundu. Alikuwa ameyatamani wiki nzima, nami wiki nzima nimemkataza. Akashika marinda kwa mikono miwili akavuta. Nikavuta upande wangu, kwa siri, chini ya kamera. Akavuta. Unawezaje kupigana na mtoto mbele ya msaili? Nikaachia. Nguo ikatoka yote, bitana ikang'aa, naye akajivika kichwani, dirisha la kioo likamkaa usoni barabara, marinda shingoni. Akakaa mapajani mwangu kama malkia.

Na yule dada akawa mzima. Mdomo na miwani mahali pamoja. Sauti kama yuko jikoni kwangu.

Nikaduwaa. Hata yeye aliduwaa. Akasema, "Sasa nakuona vizuri. Na huyo mwenye kofia ni nani?"

Nikasema ni Meneja. Neno "uzoefu" limenitoka kichwani. Nikajikuta nasema ukweli. Nikasema, "Dada, nataka kazi hii ili akiamka anikute."

Akainamia daftari lake bila kutikisika, nikadhani imekatika mara ya tatu. Haikukatika. Akasema haya, tuanze. Akanichezea sauti iliyorekodiwa ya mzee mmoja anayeongea haraka habari za kukarabati kisima. Nikaandika kwa mkono mmoja na nusu, nusu nyingine imemshika Meneja. Herufi B inanata kidogo lakini inakwenda. Nimemaliza dakika mbili kabla ya muda.

Nimefunga laptopu nimelia. Meneja amenifuta machozi kwa bitana.

Mama mkwe amerudi na ndoo tupu. Mama Pacha amekuja nyuma yake, amesimama mlangoni, amesema mwenye duka aliuliza nani kasambaza uongo huo na yeye kwa heshima ya ujirani hakunitaja. Ila pacha walinitaja. Wote wawili, kwa pamoja, na wakaonyesha nyumba.

Nimepewa maneno saa nzima. Nimeyapokea yote. Moyoni nilikuwa najua kitu kimoja: trekta lilikuwa kimya, dozi zilikuwa zimeingia kwenye damu, na vijiti vinne vikarudi kwa wakati ule ule nilioupanga.

Jumatano, 11 Machi

NIMEPATA! Barua imekuja asubuhi. Naanza kesho saa mbili. Yule dada ameongeza mstari mmoja chini: nimsalimie Meneja na kofia yake.

Baba Meneja ameleta keki ya kazini yenye ubavu ulioungua. Mama mkwe ametoa mfuniko wake mkubwa kuwa sinia. Kesho Meneja ataamka, atanikuta. Nimeandika sentensi hiyo ili niione tu.

Sasa mambo ya kazi. Meneja hataki kuvua kofia, basi nimeshona nguo mpya ya laptopu. Safari hii bitana ya fedha mara mbili, nimenunua mifuko mipya ya chakula, maana laptopu sasa ni mfanyakazi. Mama Pacha nimemshonea ya tableti, yenye bitana ile ile, kuomba radhi. Aliipenda, tukapatana. Jioni hii akagonga ukuta kusema katuni inaganda na mimi nimemaliza waifai yote. Wivu huo. Nimempa mstari wa fundi, kutwa mara tatu.

Nimeivalisha laptopu sasa hivi. Kijiti kimoja, na chenyewe kinapepesa. Sina wasiwasi hata chembe, dozi tatu na kesho itakuwa imeamka. Na kwa kuwa ruta nayo imefanya kazi kubwa wiki nzima, ikipigwa na vumbi juu ya kabati bila shukrani, nayo nimeishonea yake, ya fedha ndani na fedha nje, inafunika mpaka masikio. Nimemaliza kuifunga zipu dakika hii. Kesho saa mbili kamili nitakaa mezani, nitawasha, na vijiti vyote vinne vita... mama mkwe ananiita, anasema alikuwa anaongea na mdogo wake kwa video na ghafla hata kile kijiti cha mwisho cha simu yake kimezimika.